Singapore ni ghali kwa nani? Ya kupima kabla ya kuhamia

Orodha za miji ghali duniani zikitoka, Singapore haikosi juu. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Economist Intelligence Unit iliiweka namba moja, sambamba na Zurich. Mwaka 2024 kampuni ya ushauri ya Mercer iliiweka ya pili, nyuma ya Hong Kong. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliyepata barua ya kazi kule anasoma habari hizo na moyo unamwenda mbio. Anauliza ndugu. Mmoja anamwambia mshahara wote utaliwa na nyumba. Mwingine anaugeuza mshahara ule kuwa shilingi, anamwambia mwaka mmoja tu atakuwa amejenga. Kila mmoja ana kweli yake, ila hakuna aliyemuuliza maswali mawili yanayoamua mambo yote: unaingia kwa kibali gani, na unaingia na nani?

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kwa Muscat au Dubai karibu kila ukoo wa pwani una mjomba au shangazi wa kumpigia simu. Kwa Singapore wengi wetu hatuna, na pengo hilo hujazwa na uvumi na madalali wa kazi.

Kwanza tukubaliane maneno. Kwa Kiswahili "kodi" ni ya nyumba na pia ni ya serikali, kwa hiyo humu ya nyumba nitaiita pango, na neno kodi nitaliachia serikali. "Kibali" ni pasi ya kufanya kazi inayotolewa na wizara ya kazi ya kule, yaani Ministry of Manpower, kwa maombi ya mwajiri. "Dola" ni ya Singapore, ambayo kwa miaka hii ya karibuni imekuwa ikicheza karibu na shilingi 100 za Kenya, au karibu 2,000 za Tanzania.

Sasa hizo orodha. Mercer hupima kikapu cha bidhaa na huduma zaidi ya 200, halafu huulinganisha mji na New York. Taarifa hiyo hununuliwa na makampuni yanayotaka kujua posho ya kumpa mfanyakazi wanayemhamishia nchi nyingine. Anayepimwa basi ni mtu wa aina fulani, mwenye nyumba nzuri na mahitaji ya mtu aliyetumwa na makao makuu. Ni kama kuipima Dar es Salaam kwa bei za Masaki. Mkazi wa Mbagala hatajiona humo, ingawa mji ni huo huo.

Na Singapore ina sababu ya pekee ya kuwa hivyo. Ardhi yake yote ni kama kilomita za mraba 735, ndogo kuliko kisiwa cha Pemba, na juu yake wanaishi watu wapatao milioni 6. Serikali imeamua kwa makusudi kitu gani kiwe ghali na kipi kiwe rahisi. Gari limefanywa ghali ili barabara zisizibe. Basi na treni vimefanywa rahisi. Sigara na pombe vinatozwa ushuru mzito. Chakula cha kila siku kimewekewa mahali pake: wauzaji wa mitaani walihamishiwa zamani kwenye majengo yenye maji na usafi yaitwayo hawker centre, ambayo utamaduni wake UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020. Humo sahani ya wali na kuku hupatikana kwa dola 4 hadi 6. Fikiria mama ntilie mia moja chini ya paa moja, na meneja wa benki amekaa meza moja na fundi bomba. Anayekula humo na anayekula hotelini hawaishi kwenye mji mmoja kibei, hata wakiwa majirani ghorofani.

Nyumba nazo zimegawanywa vivyo hivyo. Karibu wakazi 8 kati ya 10 wanaishi kwenye magorofa ya HDB, shirika la nyumba la serikali lililoanzishwa 1960. Raia huyanunua yakiwa mapya kwa ruzuku. Mgeni hawezi, anachoweza ni kupanga. Akitaka kununua nyumba ya binafsi, tangu Aprili 2023 anatozwa ushuru wa nyongeza wa asilimia 60 ya bei. Hivyo mtu akikwambia "wenyeji wanamudu, wewe utashindwaje?", jua kwamba mwenyeji na mgeni wanasoma bei mbili tofauti.

Tuje kwenye kibali, maana hapa ndipo watu wengi hupotea, na wengine huumia. Vibali vya kazi viko vya ngazi tatu. Cha juu ni Employment Pass, cha wataalamu na mameneja. Tangu Januari 2025 mwombaji mpya anatakiwa awe analipwa angalau dola 5,600 kwa mwezi, na kiwango hupanda kadiri umri unavyopanda, hadi 10,700 kwa mwenye miaka 45 na kuendelea. Kwa kazi za fedha na benki kiko juu zaidi. Cha kati ni S Pass, cha mafundi na wataalamu wa kati, kinachoanzia dola 3,300 tangu Septemba 2025. Hapa kampuni ina kikomo cha idadi ya wageni, na humlipia kila mmoja tozo ya mwezi. Cha chini ni Work Permit, cha kazi za ujenzi, viwandani, meli na majumbani.

Hicho cha chini nakiombea usikivu. Work Permit hutolewa kwa raia wa nchi zilizotajwa kwa majina tu. Kwa wafanyakazi wa majumbani zinatajwa Ufilipino, Indonesia, Myanmar, India, Sri Lanka na nyingine chache, zote za Asia. Hakuna nchi ya Afrika. Kwa hiyo dalali anayemwambia binti wa Tanga, Mombasa au Bujumbura kwamba kuna kazi ya kulea watoto Singapore, na anataka pesa ya "kufungua faili", anamdanganya. Hakuna faili. Na atakayekwambia uingie kwa viza ya matembezi kazi itafuata, naye anakupeleka kwenye kosa la jinai. Miaka hii tumeona Wakenya na Waganda wakiahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka hadi kambi za utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar. Chambo kilikuwa kile kile: jina la nchi yenye pesa na mshahara wa dola.

Kazi ya kweli ina alama zake. Kibali huombwa na mwajiri, si wewe. Kikikubaliwa, hutolewa barua ya idhini ya awali ambayo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya wizara. Mwajiri haruhusiwi kukutoza pesa ili akuajiri. Wakala wa ajira aliyesajiliwa kule naye ana kikomo cha anachoweza kumtoza mfanyakazi: mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, usiozidi miezi miwili.

Kuna jambo moja hapa linalotufaa, na silisikii likisemwa. Tangu Septemba 2023, maombi mengi ya Employment Pass hupitishwa kwenye mizani ya alama iitwayo COMPASS. Unahitaji alama 40. Zinapimwa kwa mshahara wako ukilinganishwa na wa wenyeji wa sekta hiyo, kwa vyeti vyako, na kwa hali ya kampuni yenyewe: inaajiri wenyeji kiasi gani, na wataalamu wake wanatoka mataifa mangapi. Kama watu wa taifa lako ni chini ya asilimia 5 ya wataalamu wa kampuni hiyo, unapata alama 20 kamili za kipengele hicho. Mtanzania au Mrundi kwenye kampuni kubwa kule anazipata karibu kila mara, wakati mwombaji wa taifa lililojaa ofisini anaweza kupata sifuri. Uchache wetu, kwa mara moja, ni mtaji. Kampuni ndogo zenye wataalamu chini ya 25 hazipimwi hivyo. Hizo hupewa alama 10 moja kwa moja. Chuo chako nacho kitahakikiwa, basi anza kufuatilia vyeti mapema, kabla barua ya kazi haijaanza kuhesabiwa siku.

Tuseme kibali kipo na mshahara ni dola 6,500. Huo ni mshahara mzuri au mbaya? Hebu tuuweke mezani mara mbili.

Mara ya kwanza ni mtu mmoja, hana watoto. Anapanga chumba ndani ya nyumba ya HDB kwa dola 1,200. Anakula zaidi hawker centre na kupika siku za mapumziko, dola 600. Nauli za basi na treni 120. Simu, intaneti na mgao wa umeme 130. Jumla ni 2,050. Kodi ya mapato kwa mshahara huo, akihesabiwa kuwa mkazi kwa hesabu za kodi, ni kama dola 3,140 kwa mwaka, sawa na 260 kwa mwezi. Anabakiwa na zaidi ya dola 4,100. Kwa mtu huyu, mji ghali kuliko yote duniani ni mahali pa kuweka akiba.

Mara ya pili ni baba au mama mwenye mwenza na watoto wawili, mshahara ule ule. Sheria inamruhusu kuwaleta, kwa kuwa kiwango cha kuombea mke au mume na watoto kibali cha utegemezi ni dola 6,000. Anapanga nyumba ya HDB ya vyumba viwili vya kulala kwa 3,200. Watoto anawapeleka shule ya kimataifa isiyo ya anasa, tuseme dola 25,000 kila mmoja kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya 4,100 kwa mwezi kwa wote wawili. Pango na ada peke yake vimepita 7,300, na hakuna aliyekula bado.

Ile namba 6,000 ndiyo huwaponza watu. Wanaichukulia kama ahadi ya serikali kwamba familia itatosha. Ni kizingiti cha maombi tu. Na mwenza akifika hawezi kutafuta kazi hivi hivi kwa kibali cha utegemezi. Tangu Mei 2021 anahitaji kibali chake mwenyewe cha kazi kama mwombaji mwingine yeyote. Muuguzi au mwalimu aliyeacha ajira yake Arusha kumfuata mwenzake anaweza kukaa nyumbani mwaka mzima. Mazungumzo hayo yafanyike mkiwa bado Arusha.

Shule za serikali za kule zipo, nazo ni nzuri, lakini mtoto wa kigeni huja baada ya raia na wakazi wa kudumu. Anayeingia katikati ya safari ya masomo hufanya mtihani wa kujiunga uitwao AEIS, wa Kiingereza na hisabati, na kufaulu hakumpi shule uliyoichagua; anapangiwa penye nafasi. Ada ya mgeni nayo ni kubwa kuliko ya mwenyeji, ingawa bado iko chini ya shule nyingi za kimataifa. Kwa hiyo kwa mwenye watoto, swali la kwanza kwa mwajiri ni hili: ada ya shule iko kwenye mkataba? Kama haimo, mshahara uliotajwa si mshahara wako.

Hapa uzoefu wa Ghuba unaweza kutupotosha. Waliofanya kazi Oman, Qatar au Dubai wamezoea mikataba yenye nyumba, tiketi ya likizo na mshahara usiokatwa kodi. Singapore mwajiri wa Employment Pass halazimiki kukupa nyumba. Na kodi ipo, ila inakuja kimya kimya: kwa kawaida haikatwi kwenye mshahara wa kila mwezi kama PAYE ya kwetu. Unapokea mshahara wako mzima, mwaka unaisha, halafu bili inakuja yote kwa mkupuo. Unaweza kuomba kuilipa kidogo kidogo kila mwezi, lakini aliyekwisha tuma kila senti nyumbani atakopa. Fungua akaunti ya pembeni, uiwekee fungu tangu mshahara wa kwanza. Dukani nako kuna kodi ya mauzo ya asilimia 9 tangu Januari 2024.

Pango lina desturi zake, na gharama kubwa ziko mwanzoni. Nyumba ya HDB haipangishwi chini ya miezi 6, na ya binafsi chini ya miezi 3. Wiki za kwanza utakaa hotelini au nyumba za kulala wageni zenye leseni. Mkataba wa miaka miwili kwa kawaida hudai amana ya miezi miwili pamoja na pango la mwezi wa kwanza, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.4 ya pango lote la mkataba. Kwa ile nyumba ya dola 3,200 hiyo ni karibu dola 9,900, karibu shilingi milioni moja za Kenya, kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Muulize mwajiri kama anakopesha fedha ya kuanzia. Wengine hukubali, wakiombwa mapema.

Soma kila mstari wa mkataba huo. Mingi humtaka mpangaji afanyishe huduma ya viyoyozi kila baada ya miezi mitatu kwa gharama yake na kutunza risiti. Asiyekuwa nazo hukatwa kwenye amana. Dai pia kiwepo kile wanachokiita "diplomatic clause", kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba ukipoteza kazi au kuhamishwa, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja na kwa notisi ya miezi miwili. Jina lake lisikutishe, halihusu mabalozi. Bila hicho kibali kinaweza kufutwa ukalazimika kuondoka nchini, huku pango la miezi iliyobaki likikudai. Kwa wanaopanga chumba, ulizeni mapema kama mnaruhusiwa kupika na kupokea wageni, kwa sababu wenye nyumba wengi hukataza kupika vya kukaanga. Na nisifiche: wapo wenye nyumba wanaokataa wapangaji kwa sababu ya taifa au rangi, wakisema kupitia kwa dalali tu kwamba "nafasi imeshachukuliwa". Inauma. Jiwekee muda wa kutosha wa kutafuta, usisaini cha kwanza kwa kuchoka.

Kuhusu gari nitasema kidogo. Kabla ya kununua gari lenyewe unanunua cheti cha haki ya kumiliki gari, COE, kinachouzwa kwa mnada na kudumu miaka 10. Miaka hii bei yake imekuwa ikipita dola 100,000. Ni sawa na kununua kiwanja ambacho baada ya miaka kumi kinarudi kwa serikali. Mgeni wa kawaida hana haja nacho, treni zinafika.

Afya ni jambo zito zaidi, na watu hulikumbuka wakiwa wodini. Hospitali za serikali zina ruzuku kwa raia na, kwa kiasi, wakazi wa kudumu. Mwenye kibali cha kazi analipa bei kamili. Sheria inamlazimisha mwajiri kuwakatia bima ya matibabu wenye S Pass na Work Permit. Kwa Employment Pass hakuna lazima hiyo. Ajabu yake ni kwamba mwenye kibali cha juu ndiye anayeweza kufika bila bima kabisa. Omba nakala ya bima yenyewe, usiridhike na neno la mdomo, na utazame uzazi na magonjwa uliyokuwa nayo tangu zamani, maana bima nyingi za kazini huviacha nje.

Mfuko wa hifadhi wa kule, CPF, ni wa raia na wakazi wa kudumu. Mgeni hakatwi, na mwajiri hamchangii. Zile dola 4,100 zilizobaki kwa yule mtu wa kwanza zimebeba pia uzee wake. Akizituma zote kwa ujenzi na harusi za ndugu, miaka yake ya Singapore haitaonekana popote kwenye kiinua mgongo.

Wapo wanaosema baada ya miaka kadhaa mtu hupewa ukaazi tu. Hong Kong ina haki ya ukaazi wa kudumu baada ya miaka 7 mfululizo kwa anayetimiza masharti. Singapore haina hesabu kama hiyo: unaomba, wanaamua, na hawalazimiki kukupa sababu. Ukikubaliwa pamoja na watoto wa kiume, nao huingia kwenye wajibu wa utumishi wa jeshi wa miaka miwili wakikaribia utu uzima. Uraia wa nchi mbili haukubaliwi, hivyo hata Mkenya, ambaye katiba ya 2010 inamruhusu kuwa nao, atatakiwa kuukana wa kwao.

Maisha ya kila siku yatakushangaza kwa yanayofanana na ya kwetu. Joto ni la Mombasa ya Machi, mwaka mzima. Kimalay ni moja ya lugha nne rasmi, na mtu akikusalimu "apa khabar", utamwelewa kabla hujafundishwa, kwa sababu khabar yao na habari yetu zilitoka Uarabuni kwa jahazi za aina moja. Misikiti ipo, chakula halali kimejaa, makanisa yapo. Sheria tu usizichezee. Kwa dawa za kulevya adhabu ya kifo ipo na inatekelezwa. Bangi zaidi ya gramu 500 inatosha. Mzigo wa mtu mwingine usiubebe uwanjani, hata wa jirani, hata wa mchumba.

Halafu kuna siku ya kuondoka, ambayo hakuna anayeipigia hesabu siku ya kufika. Kazi ikiisha na kibali kikafutwa, kwa kawaida unabaki na siku 30 za kukaa kama mgeni. Angalau mwezi mmoja kabla hujaacha kazi, mwajiri anatakiwa kukuombea hesabu ya mwisho ya kodi, na kisheria huzuia fedha zote anazodaiwa na wewe, pamoja na mshahara wa mwisho, hadi mamlaka ya kodi itakapomaliza. Yaani mwezi unaohitaji pesa zaidi, wa kufunga nyumba, kudai amana na kukata tiketi za watu wanne, ndio mwezi usiolipwa. Fungu la mwezi huo likatwe kwenye mishahara ya mwanzo kabisa, na likae mahali ambapo wewe mwenyewe utaona taabu kulifikia.